Kifuniko cha Kuonjea

Tororo,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kaka Egesa,

Mama anaendeleaje? Barua hii atakuletea Taaka akitoka kuuza samaki hapa sokoni. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako Mama anataka iwekwe sauti ya juu ili naye asikie, na haya si ya kusikika. Tena karani aliyekaa kwenye meza yangu kabla yangu alifukuzwa kwa sababu ya ujumbe mmoja tu wa simu aliomtumia mteja. Karatasi inaungua. Ukimaliza kusoma, itie jikoni.

Kesho kutwa ndiyo siku yako ya kupimwa. Kampuni ya malori ya Busia imetuletea orodha ya madereva wapya kumi na mmoja, nikaona jina lako ni la saba. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Sheria ya maabara inasema mfanyakazi akiona jina la ndugu yake lazima atangaze. Mimi sijatangaza. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, na majina yetu hayafanani, kwa hiyo hakuna wa kujua. Nimemwomba mwenzangu Babra akae kwenye meza yangu saa hiyo. Nimemdanganya kwamba jino linaniuma. Ukiniona dirishani usinisalimie.

Njoo na kitambulisho. Usinywe maji mengi njiani, mkojo ukiwa mwepesi sana wanaukataa. Kikombe kina alama ya kupima joto, kwa hiyo usikae nacho. Tunatafuta bangi na vitu vingine vinne, lakini kampuni inachoogopa hasa ni dawa za jamii ya afyuni, zile zinazolewesha madereva. Kwenye fomu kuna sanduku linalouliza dawa ulizotumia wiki mbili zilizopita. Jaza ukweli.

Najua huna cha kuficha. Naandika haya kwa sababu mimi ni mwoga, siyo kwa sababu yako.

Mdogo wako,
Jovia

*

Majanji,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Kwa Mheshimiwa Karani,

Nilikuona dirishani ukijifanya unatazama mlima. Shavu ulilishika la kushoto, baadaye la kulia. Siku nyingine chagua jino moja.

Nimekojoa kwa heshima zote. Babra alinitoa mpaka sarafu mfukoni. Maji ya choo ni ya buluu, bomba limefungwa kwa gundi, na nje ya mlango kuna kijana anasikiliza kama anasikiliza mahubiri. Dereva mmoja wa upande wa Malaba mkojo ulimgomea. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa sita, tukamwimbia, wapi. Mimi dakika mbili tu. Kwenye sanduku lako la dawa nimeandika HAKUNA, herufi kubwa. Sijaumwa hata kichwa tangu Krismasi.

Mama yuko vilevile. Uvimbe umepanda, lakini dawa ya nesi Among inamlaza. Tatizo ni lile lile, hamezi mpaka nimeze mimi kwanza. Nusu kifuniko mimi, kifuniko kizima yeye, mara tano kwa siku. Ni chungu kama majani ya mwarobaini. Nesi akimpa kwa mkono wake, anapokea kwa adabu, nesi akigeuka anaitema kwenye kanga. Nilimwambia, Mama, nesi ni mtu mzuri. Akasema, "Ni mzuri, lakini chupa hailali kwake. Inalala hapa, na hapa watu wanapita." Unajua alivyo tangu Baba afe kwa pombe ile aliyokunywa kwenye nyumba ambayo mwenye pombe hakuonja kwanza. Hata chai ya mchungaji ilibidi mchungaji aianze.

Nikipata lori hili nitamnunulia godoro. Hili la sasa limeisha katikati.

Kaka yako, dereva (karibu),
Egesa

*

Tororo,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kaka,

Keti kwanza.

Kipimo chetu ni kikadi chenye vipande vitano. Mkojo ukiwa safi, kila kipande hutoa mstari. Mstari ukikosekana, ile dawa imo. Vipande vyako vinne vimetoa mistari. Cha afyuni hakikutoa. Nilikitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikakigeuza, nikamngoja Babra atoke nikakitazama tena. Kweupe.

Kukwambia haya ni kosa la kufukuzwa. Sampuli imepelekwa Kampala kwenye mashine kubwa itakayosema ni dawa gani hasa. Jibu litarudi ndani ya wiki moja.

Egesa, kama ni vile vidonge wanavyomeza madereva kwenye foleni ya Busia ili mgongo usiwaume, niambie. Sitakuhukumu.

Hapana. Nimekuhukumu tayari, tangu saa nne asubuhi, na ndiyo maana mkono wangu unaandika vibaya. Nilikaa chooni nikafikiria mahali ulipopata na nani alikupa. Niambie tu ukweli, nijue nikuogopee vipi.

Jovia

*

Majanji,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Jovia,

Leo sikuiti dada.

Tangu Novemba nalala kwenye mkeka kando ya kitanda cha Mama. Nikitoka nakwenda kisimani, nikirudi nakuta ameshaniita mara tatu. Hivyo vidonge ningevipata wapi? Ningeletewa na kuku?

Miaka sita nimeendesha malori ya watu. Nimeona wenzangu wanameza, nimeona mmoja amelala na usukani mkononi pale Busitema mpaka lori likaingia kwenye mihogo. Mimi nilikuwa natafuna mahindi mabichi nisilale. Wewe unajua. Ulikuwa unanicheka meno.

Mmechanganya vikombe. Au Babra alikuwa kwenye simu. Rudieni.

Mama aliuliza barua yako inasema nini. Nilimsomea nyingine niliyotunga kichwani, kwamba nimefaulu na kwamba wewe umenenepa. Kufaulu kwangu aliitikia tu. Kunenepa kwako kulimfurahisha mpaka akaomba uji.

Egesa

*

Tororo,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Kaka Egesa,

Nilikuagiza uchome barua zangu. Zako mimi sikuzichoma. Jana baada ya kanisa nilirudia ile ya tarehe sita. Nilikuwa nimeisoma mara ya kwanza nikicheka habari za jino, yaliyofuata nikayapita kama mtu anayepita nyumba anayoijua.

Nusu kifuniko wewe, kifuniko kizima yeye. Mara tano kwa siku.

Dawa ya Mama ni mofini, Egesa. Ni ya jamii hiyohiyo ya afyuni. Ikiingia tumboni mwako haiulizi mgonjwa ni nani. Jibu la Kampala limefika leo asubuhi, na limeandikwa hivyo hivyo: mofini. Vikombe havikuchanganywa. Nawe hukudanganya. Fomu iliuliza dawa ulizotumia, ukajibu kama mtu mzima asiyeumwa.

Nisamehe.

Nilimwendea Bwana Ofumbi, mkuu wetu, nikamuuliza kana kwamba ni habari ya mteja mmoja tu. Mteja akimeza kidogo dawa ya mgonjwa wake, je, cheti cha mgonjwa kinamkinga? Alinitazama juu ya miwani. "Binti, sisi tunasema kilichomo kikombeni. Kilivyoingia si kazi yetu. Na dawa yenye jina la mtu mwingine si kinga, ni kosa la pili." Nikafikiria barua ya nesi Among. Lakini nesi ataandika nini? Kwamba nyumbani kuna mtu asiye mgonjwa anayeinywa? Mlitia sahihi kwamba chupa ni ya Mama peke yake. Naogopa wataichukua.

Imebaki njia moja. Kampuni inakubali kupimwa mara ya pili, mara moja tu. Wamekupangia Alhamisi tarehe 27, saa tatu asubuhi. Mkojo husafika kwa siku tatu, tuseme nne kwa tahadhari. Kwa hiyo kuanzia Jumapili tarehe 23 usimeze hata tone.

Ni siku nne tu, kaka.

Jovia

*

Majanji,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Dada yangu Jovia,

Yameisha. Hata mimi ningejifikiria vibaya.

Siku nne ni kidogo, ndivyo nilivyosema. Nikafanya majaribio Jumanne kabla ya siku yenyewe. Nilitia maji kwenye kifuniko, nikageuka kidogo, nikanywa. Mama akasema, "Hujakunja uso." Kweli, maji hayakunji uso.

Mara ya pili nikatia dawa yenyewe, nikaiweka chini ya ulimi, nikaitema nje. Nikakunja uso vizuri kabisa. Akasema, "Koo halikushuka. Fungua mdomo." Macho yake yamebaki hayo tu, Jovia. Miguu imekwisha, mikono imekwisha, lakini koo langu analiona kama mwewe anavyoona kifaranga.

Nikamwambia ukweli. Nikasema, Mama, hii dawa inanizuia kazi. Akaniuliza, "Kama inakudhuru wewe mzima, mimi nainywea nini?" Ikawa nimeharibu zaidi. Siku hiyo nilimeza kifuniko kizima ndipo akakubali.

Sasa sikiliza. Anakubali mikono miwili tu, wangu na wako, iliyotoka tumboni mwake. Njoo Jumamosi mpaka Jumatano. Uonje wewe siku hizo tu. Mimi nitakaa nje kabisa, nitashona nyavu za watu. Alhamisi asubuhi napanda gari mpaka Tororo na mkojo wa mtoto mchanga.

Omba likizo. Sema Mama ni mgonjwa, si uongo. Taaka ameambiwa asirudi bila jibu.

Egesa

*

Tororo,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kaka Egesa,

Taaka ameketi hapa nje juu ya kapu lake na ananiharakisha, kwa hiyo naandika kwa kifupi.

Nimeomba likizo kwa maandishi, kama utaratibu unavyotaka. Bwana Ofumbi amekataa. Amesema wafanyakazi walio kwenye muda wa majaribio hawana haki ya likizo kabla ya miezi sita kukamilika. Nimesikitika sana.

Tafadhali jaribu kumbembeleza Mama. Labda Taaka anaweza kuonja mbele yake, kwa kuwa amemzoea. Mwambie nampenda na nitakuja Pasaka.

Wako,
Jovia

*

Majanji,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Jovia,

Leo ni siku ya pili. Jana na leo sijameza.

Taaka alikuja jana kabla ya misa, akanawa mikono, akaketi, akaonja nusu kifuniko bila kuogopa. Mama akamwambia kwa upole, "Taaka, wewe ni mtu wangu. Lakini una watoto wako, na mimi nina wangu." Akafunga mdomo. Taaka alitoka akilia, baadaye akasinzia kanisani, watu wakamcheka.

Nesi Among anakuja Jumanne. Nilitaka kumngoja, lakini nitamwambia nini?

Mama halii. Ungejua afadhali angelia. Anatafuna pindo la kanga. Jana alihesabu mabati ya paa, ishirini na mawili, akarudia tangu mwanzo, akarudia. Leo hahesabu. Nimemgeuza kila upande, nimemkanda mgongo, nimemwimbia ule wimbo wa shule yako ya Busia ya Kenya anaoupenda ingawa hajui maneno. Nikimpelekea kifuniko ananitazama hapa kooni tu, anangoja. Hanilaumu. Anangoja tu, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe na mwenye ufunguo yuko ndani.

Bado Jumanne, bado Jumatano. Tangu asubuhi nimechukua kifuniko mara nne na kukirudisha.

Wewe umesoma. Kwenye vitabu vyenu hakuna kitu? Kitu cha kusafisha kwa siku moja? Wenzangu wanasema siki. Wengine wanasema maji ya nazi. Hapa nazi sijaiona.

Taaka anapakia. Naishia hapa.

Egesa

*

Tororo,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Kaka Egesa,

Ni saa saba mchana. Kikombe chako nilikiandaa mimi mwenyewe saa mbili. Nilibandika lebo, nikaandika namba na tarehe, nikakiweka kwenye trei peke yake. Saa tatu nilisikia pikipiki nikasimama. Alikuwa mwanamke na mtoto wake, wamekuja kupimwa malaria. Saa nne Babra akaniuliza kama jino limeanza tena.

Saa sita ndiyo mwisho. Fomu ya mteja asiyetoa mkojo ina majibu matatu: alikataa, sampuli haikutosha, hakufika. Aliyekataa kampuni inamhesabu kama aliyepatikana na dawa. Nimeandika HAKUFIKA. Halikusaidii kitu, kwao ni mamoja, lakini sikuweza kuandika lile jingine. Chini yake hakuna mstari wa maelezo. Nimegeuza karatasi, na nyuma pia hakuna.

Hukumeza kwa ajili yako mwenyewe. Najua ulimeza, na najua ni lini: baada tu ya Taaka kuondoka na barua yako.

Kuna jambo jingine, na likikaa ndani litaniua. Bwana Ofumbi hakunikatalia likizo. Sikumwomba. Fomu niliijaza yote, jina, idara, tarehe 22 mpaka 26, sababu: kuuguza mzazi. Kisha nikakumbuka kwamba sisi wafanyakazi pia tunapimwa bila kutangaziwa, na kwamba ningerudi Alhamisi nikiwa na mofini mwilini, na Babra angenipa kikombe, na kipande kile kisingetoa mstari. Nikaiweka fomu kwenye droo chini ya glavu. Taaka alikuwa nje akinisubiri. Nikakuandikia uongo huku yeye akila karanga.

Siku nne tu. Ndivyo nilivyokuandikia wewe, kana kwamba ni nyepesi. Nilipoambiwa ni zangu zikawa nyingi.

Leo nimeitoa fomu na kubadilisha tarehe. Nimeipeleka. Bwana Ofumbi amesaini bila hata kuuliza, akanipa pole ya Mama. Ingekuwa hivyo hivyo wiki iliyopita. Nakuja Jumamosi tarehe 5. Nitaonja mimi, wewe upumzike. Wakinipima nikirudi, wanipime.

Naogopa bado. Naandika kukwambia hilo pia, usidhani nimekuwa mtu mwingine.

Jovia

*

Majanji,
Jumatatu, 31 Machi 2025

Dada yangu mdogo,

Ya fomu nilijua. Wewe ukisema kweli mwandiko wako unayumba kama ng'ombe anayetoka mtoni. Barua ya tarehe ishirini ilikuwa imenyooka kama cheti. Niliisoma nikasema, huyu ananidanganya. Nikakasirika siku moja. Baadaye nikafikiria, na yeye ana kazi moja tu, kama mimi nilivyokuwa na moja. Tumebaki na yako.

Ni kweli, Taaka alikuwa hajafika hata barabarani. Nilimeza nusu yangu, koo likashuka, Mama akanywa yake. Akalala mpaka jioni na kanga mdomoni. Niliitoa polepole, pindo lote limechanika.

Nesi Among alipokuja Jumanne aliangalia chupa, akaniangalia, akaandika kwenye daftari lake, akaleta nyingine. Hakuuliza kwa nini inaisha mapema. Sijui ameandika nini. Kila Jumanne sasa nitakuwa naangalia mikono yake.

Mama jana aliamka vizuri. Akauliza, "Lori umepata?" Nikasema nimepata, naanza mwezi ujao. Akafurahi, halafu akafikiri. "Ukienda, nani ataonja?"

Nikasema, Jovia.

Alicheka, Jovia. Kicheko kile cha zamani, mpaka kikamuumiza. Akasema, "Jovia yupi? Yule aliyekuwa ananipulizia uji mpaka unaganda, kwa kuogopa nitaungua?" Kisha akasema, "Basi huyo aonje uji. Dawa ni ya Egesa."

Kwa hiyo umepangiwa, na si mimi niliyepanga. Njoo Jumamosi. Leta sabuni na yale mafuta ya kupaka mgongoni. Chupa usiiguse hata kuihamisha. Nitakuwa naificha jikoni, saa za dawa naitoa, na wewe utakuwa umetoka kwenda kisimani, mara tano kwa siku, watu watadhani tuna ng'ombe.

Kwenye nyumba hii lazima mmoja abaki na mkojo safi.

Uji unywe mbele yake, pole pole. Kaa upande wa dirisha, pale anapoliona koo.

Kaka yako,
Egesa